Waache na mimi: mmeuliza, nawajibu

Tangu niseme kwamba mimi, fundi cherehani nisiyesikia wa hapa Mwanjelwa, naishi na mbwa niliyemwokota mtaroni nikamfundisha kunisikilizia, ujumbe haukatiki kwenye simu. Nimechukua maswali matano. Mbwa anaitwa Waache, na wambea wa mtaani wanajua kwa nini. Jina hilo ni la majirani kumwitia; mimi namwita kwa mkono.

Mbwa koko anafundishika kweli, au ulibahatika tu? (Kaka wa Uyole)

Anafundishika, ingawa si kila mmoja, na bahati nayo ilikuwepo. Mbwa anayeruka kila honi ikilia, au anayeona kuku akasahau dunia, hafai kazi hii hata awe wa mbegu ya bei mbaya. Waache alikuwa mdogo, mbavu nje, masikio yamejaa kupe. Lakini kitu kikianguka, wenzake walitimua mbio. Yeye alikwenda kukinusa. Hapo ndipo aliponinasa.

Tulianza na hodi. Mtoto wa dada yangu anagonga mlango, mimi nimekaa na vipande vya maini mfukoni. Mbwa akigeukia mlango, anapata kipande. Akishazoea, hapati mpaka aje aniguse goti kwa pua. Baadaye hata hilo halitoshi: aniguse, kisha aniongoze mpaka mlangoni. Dakika tano tano, mara tatu kwa siku. Hodi peke yake ilitula wiki sita, na maini sikumbuki kilo ngapi. Ikafuata simu, halafu kilio cha mjukuu, halafu mfuniko wa sufuria unaporukaruka. Fimbo sikuigusa kabisa, maana mbwa anayekuogopa hakuletei habari, anajificha nazo.

Anayebisha awaulize wa Morogoro kuhusu panya buku wao, wanaofunzwa kwa ndizi kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja, Magawa, aliyezaliwa hapahapa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu na Waingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Panya huyo, kaka. Mbwa atashindwaje?

Baridi hii tunalala na jiko la mkaa ndani. Mbwa ataniamsha hewa ikichafuka? (Mama wa Isyesye)

Hapana, mama, na swali lako limeninyima usingizi. Najua Juni na Julai ya Mbeya ilivyo, blanketi mbili hazitoshi. Lakini ile hewa ya sumu ya mkaa, kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, haina kishindo. Mbwa hana cha kunusa wala cha kusikia. Itawalaza wote wawili, na huenda msiamke. Jiko lipeleke nje kabla hujapanda kitandani, leo.

Moshi wa kitu kinachoungua ni habari nyingine. Usiku mmoja Waache aliniamsha maharage yakiungua. Sikuwahi kumfundisha hilo, nadhani aliyataka.

Sisi ni Waislamu, na baba yetu anapoteza usikivu. Najisi tutaifanyaje? (Binti wa Sokomatola)

Mimi ni Mmoraviani, binti yangu, sitoi fatwa. Ninachojua kwa wateja wangu ni kwamba wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio wengi huku kwetu, huosha kilichoguswa na mate ya mbwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Mfikieni shehe wenu, na mweleweshe hitaji la mzee lilivyo, asijibu kama vile mmetaka mbwa wa mapambo. Kwangu kanzu za wateja zinakaa kabatini juu, Waache analala upande wa pili wa meza, na sishiki kitambaa cha mtu kabla ya kunawa.

Huogopi kichaa cha mbwa? (Ndugu wa Tukuyu)

Naogopa sana, ndaga kwa kuuliza. Ndiyo maana anachanjwa kila mwaka na cheti chake nakitunza pamoja na cha kuzaliwa cha mwanangu. Uking'atwa na mbwa yeyote, hata wa jirani mpole, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo ukapate chanjo. Usipake mafuta ya taa, na usikae nyumbani kusubiri uone kama mbwa atakufa. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Unapanda naye daladala? (Mwanafunzi wa Iyunga)

Inategemea konda. Mmoja alitushusha Mafiati mvua ikinyesha, abiria wakicheka. Wengine wameshatuzoea, wanatupa kiti cha nyuma bila maneno. Tukikataliwa tunatembea.

Nimemshonea koti la njano lenye maandishi NIPO KAZINI. Akiwa amelivaa, mwanangu, usimpapase, usimpigie mluzi, usimrushie kitu. Dakika anayokutazama wewe, bodaboda iliyo nyuma yangu inapiga honi na mimi sina wa kuniambia. Jioni koti likitundikwa msumarini, karibuni mcheze naye mpaka mchoke. Mifupa ya kuku tu msije nayo, hukatika vipande vyenye ncha. Leteni dagaa.