Ndago zimerudi tena

Shangazi, shikamoo. Kila wiki napalilia ndago kwenye mchicha wangu hapa Tanga, siku tatu tu zimechipua. Nifanyeje?
– Mama wa Chumbageni

Marahaba, mwanangu. Jembe ndilo linalokuponza. Ukikata majani, chini hubaki vijinundu vyeusi vilivyoungana kama shanga, na kila kimoja huweza kuchipua upya. Mimi husubiri udongo uwe na unyevu, nikachimbua kwa uma wa bustani, nikafuata mzizi kwa vidole hadi kijinundu cha mwisho. Usivitupe kwenye mboji! Vianike juani vikauke kabisa. Kisha panda matembele yatandae. Ndago hazipendi kivuli. Tuta langu la kwanza lilitoa ndoo mbili nzima, mgongo ukaniuma wiki. Sasa hapo nachuma bamia.