Wanapouliza unatumia dawa gani, taja na kopo la jimu

Februari mwaka jana niliambiwa figo zangu zinafanya kazi chini ya kiwango. Nina miaka 34, sinywi pombe, sivuti sigara, na jioni iliyotangulia nilikuwa nimepiga skwati za kilo 140 kwenye jimu yetu ya Ngamiani. Hospitali sikwenda kwa ugonjwa. Mkandarasi mmoja hapa Tanga alitaka mafundi umeme wote wapime afya kabla ya kusaini mkataba, nami nikatoa damu asubuhi, nikafuata majibu alasiri. Karatasi ilikuwa na mistari miwili iliyowekewa alama. Kreatinini 138. Chini yake, makadirio ya uchujaji wa figo: 59.

"Kaka, kwenu kuna mtu mwenye shida ya figo?" aliniuliza aliyenipa majibu.

Nikasema hapana. Akaniuliza kama natumia dawa yoyote, nikasema hapana tena, na moyoni sikuwa nadanganya. Nawaomba ndugu zangu mnaobeba vyuma msimame kwenye swali hilo hilo, maana ndipo tunapopotelea wengi. Kwetu dawa ni ile ya malaria, ya presha, ya kikohozi. Poda iliyo kwenye kopo la jimu tunaihesabu kama uji. Tukiulizwa dawa, tunajibu hapana, na daktari anabaki anasoma karatasi ya mtu asiyemjua.

Nyumbani ilikuwa kama msiba. Mama alinitazama miguu kama imevimba, akasema, "Mwanangu, hivyo vyuma vimekumaliza." Akaanza kunichemshia majani aliyoelekezwa na jirani. Nilikunywa siku mbili kwa kumheshimu. Nisingerudia, kwa sababu yako majani yanayoumiza figo kweli, na mtu mwenye hofu hana subira ya kuuliza ni yapi.

Siku ya nne nilimwona daktari mwingine, mtu mzima. Kabla hajaigusa karatasi alinitazama mabega, akaniuliza, "Unanyanyua? Na unakunywa nini?" Nikamtajia. Akaniambia nirudi nyumbani nikalete makopo yote. Nilirudi na mfuko mzima: kreatini, wei (poda ya protini ya maziwa), poda ya kunywa kabla ya mazoezi, na vidonge vya vitamini mchanganyiko. Alisoma lebo moja moja kwa miwani yake, akatabasamu alipofika kwenye kreatini.

Maelezo yake nimeyashika hadi leo. Kreatini si kitu kigeni mwilini. Mwili hujitengenezea wenyewe, na nyingine tunaipata kwenye nyama na samaki. Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeitoa kwenye nyama mwaka 1832. Karibu asilimia 95 yake hukaa ndani ya misuli, ikisaidia kurudisha nguvu haraka pale unaponyanyua kitu kizito. Kila siku asilimia 1 hadi 2 hivi ya kreatini hiyo hugeuka kuwa kreatinini, taka ambayo figo huichuja na kuitoa kwa mkojo. Majina yamekaribiana mno, lakini moja ni kuni na jingine ni jivu. Ukiongeza kuni jikoni, jivu huongezeka. Anayetazama jivu peke yake atadhani anayezoa amelala.

Na mimi nilikuwa nimerundika kuni kweli kweli. Wiki ile nilikuwa kwenye ile awamu ya kujaza, gramu 20 kwa siku, ambayo wengi tunaifanya kabla ya kushuka kwenye gramu 3 hadi 5. Usiku wa kuamkia kipimo nilikula mishkaki mingi, na nyama iliyopikwa inakuja na kreatinini yake mwenyewe. Nilikuwa nimetoka kwenye skwati nzito. Na joto la Februari la hapa kwetu mnalijua, unatoka jasho hata ukiwa umekaa barazani; nilifika maabara sijanywa hata glasi moja ya maji. Tena hesabu inayotoa ile 59 hutumia kreatinini, umri na jinsia tu. Haijui kama mwenye damu ni mvuvi wa kilo 58 au mtu wa kilo 96 za kujengwa kwa miaka 9.

Hakuniruhusu niondoke na furaha hiyo, na kwa hilo namshukuru. Alipima mkojo kuona kama protini inavuja. Haikuvuja. Presha 122 kwa 76. Akaniambia niache kreatini wiki 4, nipumzike vyuma siku 3 kabla ya kipimo, jioni nisile nyama, ninywe maji kama kawaida. Niliporudi, kreatinini ilikuwa 104 na makadirio 83. Akaagiza pia kipimo kiitwacho sistatini C. Hiyo ni protini inayotolewa na karibu seli zote za mwili, kwa hiyo haiyumbishwi na ukubwa wa misuli wala kopo la kreatini kama kreatinini inavyoyumbishwa. Damu ilipelekwa Dar es Salaam, na jibu likarudi zuri. Mkataba nilisaini. Kreatini nimerudia, gramu 3, bila ile awamu ya kujaza.

Lakini kuna jambo liliniuma kuliko figo. Kwenye karatasi ile ile ya kwanza, vimeng'enya viwili vya ini, AST na ALT, vilikuwa juu, AST karibu mara mbili ya kikomo. Aliyenipa majibu alishusha sauti akaniambia nipunguze pombe. Sijaionja maishani mwangu. Nilitoka pale nikiwa nimefedheheka, na kwa siku kadhaa niliona kama kila aliyeishika karatasi ile ameniweka kwenye kundi nisilo langu.

Vimeng'enya hivyo tumezoea kuviita vya ini, ila vimo kwenye misuli pia, hasa AST. Misuli ikichanika kidogo kidogo kwa mazoezi mazito, vinamwagika kwenye damu. Watafiti waliwahi kuwanyanyulisha vyuma kwa saa moja wanaume wenye afya ambao hawakuzoea. Vimeng'enya vyao vilibaki juu kwa siku 7 na zaidi. Njia ya kutenganisha ipo. GGT ni kimeng'enya ambacho misuli haikimwagi hivyo, kwa hiyo AST ikiwa juu na GGT ikiwa imetulia, macho yaelekee kwenye misuli. CK, kimeng'enya ambacho ni cha misuli hasa, ikiwa juu sana, habari imekamilika. Daktari wangu alipima GGT na homa ya ini aina ya B, vyote vikawa salama. Baada ya siku 10 bila vyuma, AST ilishuka yenyewe.

Hapa niweke onyo moja bila kulizungusha. Ukitoka mazoezini misuli ikauma kupita kawaida, ikavimba, na mkojo ukatoka rangi ya strungi, usisubiri kipimo cha wiki ijayo. Misuli inaweza kuvunjika kiasi cha kuziba figo. Hiyo ni hospitali usiku huo huo.

Wei na protini nyingine sina maneno mengi. Ukila protini nyingi, urea, yaani taka ya protini ambayo figo huitoa, hupanda kwenye damu, na ukiwa na upungufu wa maji hupanda zaidi. Ila kama umeambiwa uende bila kula kwa ajili ya sukari au mafuta ya damu, elewa kwamba glasi ya wei alfajiri ni chakula. Kijana mmoja wa jimuni kwetu alikunywa poda yenye sukari kabla ya mazoezi, akapita maabara njiani, akarudi akilia kwamba ana kisukari. Hana.

Kinachonitisha zaidi ni kidogo na hakina sifa ya kutisha. Kinaitwa biotini, vitamini iliyomo kwenye vidonge vya nywele, ngozi na kucha, na mara nyingine kwenye vitamini za wabeba vyuma. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 30 hivi kwa siku. Vidonge vya shemeji yangu, ambaye nywele zilikuwa zikikatika, vilikuwa vya mikrogramu 10,000. Alipima tezi ya shingo, majibu yakaonyesha inafanya kazi kupita kiasi, na alibakiza siku chache aanzishiwe dawa ya kuituliza. Mwili wake haukuwa na dalili hata moja. Vipimo vingi vya homoni hutumia biotini ndani ya mtambo wenyewe ili kunasa kinachotafutwa, na biotini iliyojaa kwenye damu ya mtu huingilia mtego huo: baadhi ya majibu yanashuka kwa uongo, mengine yanapanda kwa uongo. Aliacha vidonge, akapima upya, tezi ikawa nzima.

Hilo halikomei kwenye tezi. Novemba 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba biotini inaweza kushusha kwa uongo kipimo cha troponini, kile kinachotumika kugundua shambulio la moyo, na ikataja kifo cha mgonjwa mmoja. Mtu anaumwa moyo, karatasi inasema haumwi. Kwa hiyo muulize daktari au mtu wa maabara uache biotini siku ngapi kabla. Kwa dozi kubwa huwa ni angalau siku 2 au 3. Na ukifika kwa dharura, itaje hata kama umeshika kifua.

Kuhusu sindano, najua zipo na najua wanaozitumia wanasoma hapa. Zile za homoni za kukuza misuli hazidanganyi kipimo. Zinachokionyesha ndicho kilichopo: damu inakuwa nzito kwa chembe nyekundu, mafuta mazuri, yaani HDL, yanaporomoka, na homoni zinazoamrisha korodani zinanyamaza. Kuna makopo pia yanayochanganywa vitu hivyo bila kuandikwa kwenye lebo. Kama hujawahi kuchoma sindano na majibu yako yamekaa hivyo, lipeleke kopo kwa daktari.

Sasa nieleze kosa langu. Baada ya figo zangu kuonekana salama, nilijiona mjuzi. Kijana wa miaka 22 jimuni alinionyesha karatasi yake, kreatinini 161. Nikamwambia, "Usiogope mdogo wangu, ni kreatini tu, hata mimi ilinitokea." Akanisikiliza kwa sababu mimi ni mkubwa kwake. Alikaa miezi 2 bila kurudi hospitali. Aliporudi, tayari alikuwa ameacha poda zamani, lakini namba haikushuka. Presha yake ilikuwa 170 kwa 110 na mkojo una protini. Kopo halikuhusika kabisa. Miezi ile 2 mimi ndiye niliyempotezea, na nimemwomba radhi mbele ya mama yake.

Anaendelea na kliniki, presha imeshuka, na siku nyingine huja jimuni kukaa tu na sisi. Tangu hapo mtu akinionyesha karatasi simpi jibu. Namuuliza kama presha imepimwa, kama mkojo umepimwa, na kama daktari ameyaona makopo. Akisema bado, tunakwenda wote, na makopo nayabeba mimi.