Usiende City ya London Jumamosi

Mkuu, kabla hujatoa namba za kadi: Jumamosi USILIPE. Umeuliza kuhusu matembezi ya kuongozwa ya City, ule mtaa wa mabenki wa London: saa mbili zinatosha, uvae viatu gani, bakshishi ni kiasi gani, na mtoto wa miaka saba ataweza? Tuanze na siku, maana hapo ndipo pesa inapozama.

City siku ya Jumamosi ni mahame. Wanaoishi mle ni wachache mno. Wengine wote huja na treni asubuhi na kurudi kwao jioni. Wasipokuwepo, migahawa na baa nyingi hufunga, hata treni ya chini ya ardhi ya Waterloo & City haitembei wikendi. Utaoneshwa kuta. Na ukuta wa Benki Kuu ya Uingereza, ule uliochorwa na msanifu majengo Soane, hauna hata dirisha la kuchungulia.

Makumbusho ya Benki, mlango wa Bartholomew Lane, ni bure, lakini hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa tu. Mle kuna mche wa dhahabu kwenye kasha lenye tundu. Unapenyeza mkono, unaunyanyua, karibu kilo 13, kiwiko kinatetemeka. Mtoto wako angewasimulia darasa zima. Jumamosi atashika kitasa.

Aliyeniuzia mimi alisema "wikendi pametulia, mtapiga picha vizuri". Pametulia! Hata makaburini pametulia. Tiketi nne, na hela hairudi. Na ndiyo, na digrii yangu ya biashara sikujiuliza kama benki inafunguliwa Jumamosi. Chekeni tu.

Chukua Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Ijumaa wengi siku hizi wanafanyia kazi nyumbani. Anza saa nne na nusu asubuhi, vichochoro vya Cornhill vikiwa bado vinapitika na sauti ya kiongozi inasikika. Mwambie akupitishe St Michael's Alley, ilipofunguliwa nyumba ya kwanza ya kahawa London mwaka 1652; kibao kipo ukutani. Hisa na bima ziliuzwa kwenye nyumba za kahawa za namna hiyo, Lloyd's yenyewe, lile soko la bima, ilianzia huko. Mkimaliza, subiri Leadenhall Market mpaka kama saa saba mchana. Utawaona watu wa bima wakimiminika kutoka lile jengo la Lloyd's lenye mabomba nje, suti na bilauri mkononi. Hapo historia haihitaji kiongozi.

Usikubali kuambiwa "tukutane kituo cha Bank". Kina milango ya kutokea kibao, na chini kwa chini kimeungana na kituo kingine, Monument. Wewe unapanda ngazi hizi, kundi linaondokea zile. Dai sehemu inayoonekana: sanamu ya Wellington juu ya farasi, mbele ya Royal Exchange.

Kama umeshalipa, soma kipengele cha kubadilisha tarehe leo hii, usingoje kesho. Viatu? Vyovyote, ila Jumanne.