Usisubiri mshono ndipo ujifunze kupumua

Mkuu, futa huo mpango. Wiki mbili zijazo unapasuliwa saratani ya tumbo, halafu unaandika "nitalala tu nitunze nguvu, mazoezi ya kupumua watanifundisha nikishaamka", kisha unatuuliza ununue kifaa gani cha mazoezi hayo na utakaa wodini siku ngapi? Mimi nilisubiri hivyohivyo. Nimonia haikunisubiri.

Unaamka na mshono kuanzia chembe ya moyo hadi kitovuni, mpira puani, kichwa bado kizito kwa dawa za usingizi. Hapo ndipo mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, anakuja kukwambia vuta pumzi mpaka chini, shikilia, toa taratibu. Nani anajifunza jambo jipya katika hali ile? Kila nikivuta, mshono unawaka, basi nikawa napumua juujuu kama mtu aliyejificha uvunguni. Kukohoa ndiyo usiseme, niliona bora makohozi yabaki hukohuko. Yakabaki kweli! Dawa za usingizi na kulala chali husinyaza sehemu za chini za mapafu. Usipozifungua kwa pumzi ndefu, uchafu unatuama na bakteria wanahamia. Homa ikapanda, oksijeni ikashuka, nikavishwa barakoa huku wenzangu tuliopasuliwa siku moja wakiruhusiwa kwenda nyumbani.

Aliyenipotosha ni mjuaji wetu wa ukoo: "Wanapasua tumbo, mapafu yanahusikaje?" Yanahusika kwa sababu kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kiko palepale juu ya jeraha, bwana mjuaji! Mpaka leo nikimsikia anakoroma kwa raha zake natamani kumwamsha. Na yule wa kliniki aliyenitupia kijitabu, "utakisoma ukipata nafasi", naye simsamehi. Kuna utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa 2018, wagonjwa 441 wa upasuaji wa tumbo la juu. Waliokaa nusu saa na mtu wa fiziotherapia kabla ya upasuaji walipata matatizo ya mapafu kwa kiasi cha nusu tu ya wale waliopewa kijitabu peke yake. Nusu saa, mkuu! Mimi muda huo niliumalizia kuchagua pajama za kulazwa nazo.

Kwa hiyo anza leo tumbo likiwa zima. Kaa wima, mkono juu ya tumbo, vuta kwa pua taratibu mpaka mkono uinuke, shikilia kidogo, toa. Mara kumi, kisha pumzika; ukisikia kizunguzungu, acha kwanza. Zoea pia kukohoa huku umekumbatia mto pale mshono utakapokuwa. Ukizinduka tu, unaendeleza kila saa ukiwa macho. Sigara, kama unavuta, zima sasa hivi.

Kile kifaa cha mazoezi ya kupumua, chenye vipira vitatu, unakivuta, hukipulizi. Mimi nilikipuliza mpaka macho yakanitoka, vipira havikutikisika, nikamwita nesi nikalalamika kwamba nimepewa kibovu.

Kesho asubuhi pigia kliniki yako, omba miadi ya fiziotherapia kabla ya tarehe ya upasuaji. Wakikwambia wana kijitabu, kichukue, na miadi usiiachie.