Maswali na Majibu: Poti ya Siriali Haijui Mstari Wako Unaishia Wapi

Safari hii nimechambua maswali ya watu wanaosoma data inayoingia kwenye poti ya siriali (njia inayopitisha data biti moja baada ya nyingine kati ya kifaa na kompyuta), na nimeyaweka pamoja kwa makusudi, maana karibu yote yana ugonjwa mmoja. Wale walioandika "haifanyi kazi, nisaidie" bila kutaja kifaa, kasi wala lugha ya programu, sikuwajibu. Mimi si mganga wa kupiga ramli.

Nimeunganisha mizani na kompyuta kwa adapta ya USB. Naandika kwa C#. Kwenye tukio la DataReceived naita ReadExisting (kusoma kilichokwisha kufika) na kuonyesha matokeo kwenye dirisha. Mara naona "ST,+00", mara "012.50", mara " kg" peke yake. Adapta ni mbovu? (Kahama)

Adapta yako nzima. Poti ya siriali haina kitu kinachoitwa ujumbe. Ina baiti tu, zinazofuatana moja nyuma ya nyingine. DataReceived inakupa habari moja, kwamba kuna kitu kimefika. Haisemi ni kiasi gani wala kama kimekamilika, na maelezo ya Microsoft yanasema waziwazi kwamba si lazima tukio hilo liitwe kwa kila baiti.

Tupige hesabu. Mstari wako, "ST,+00012.50 kg", ni wa mtindo wa mizani za A&D: herufi 15, kisha CR na LF za kufunga mstari (kwenye msimbo ni '\r' na '\n'), jumla baiti 17. Kwa kasi ya biti 2400 kwa sekunde, kila baiti inabeba biti 10 kwenye waya ukihesabu na za kuanzia na kumalizia, kwa hiyo zinapita baiti 240 kwa sekunde. Mstari mmoja unachukua kama milisekunde 71 kufika wote. Sasa adapta yenye chipu ya FTDI, usipogusa mipangilio yake, husubiri hadi milisekunde 16 kisha hutuma ilichokusanya. Gawanya mwenyewe: vipande vinne au vitano kwa mstari mmoja. Unachokiona kwenye dirisha ndicho kinachotarajiwa.

Dawa ni kukusanya kwenye bafa, yaani ghala la muda, kisha kukata mwenyewe:

```
void Imefika(object s, SerialDataReceivedEventArgs e)
{
    bafa += poti.ReadExisting();
    int mwisho;
    while ((mwisho = bafa.IndexOf('\n')) >= 0)
    {
        string mstari = bafa.Substring(0, mwisho).Trim('\r');
        bafa = bafa.Substring(mwisho + 1);
        BeginInvoke(new Action(() => Pokea(mstari)));
    }
}
```

Angalia ni while, si if. Kompyuta ikishikwa na kazi nyingine kidogo, mistari miwili au mitatu itaingia kwa mkupuo, na anayeandika if atakata mmoja na kuiacha mingine ikijirundika, halafu wiki ijayo ananiandikia kwamba uzito "unachelewa".

Jambo ambalo hukuuliza: kama mizani inatuma mfululizo, poti huifungui mwanzoni mwa mstari. Unaifungua popote pale. Kipande cha kwanza kinaweza kuwa "2.50 kg", mkia wa 12.50. Tupa kila kilichokuja kabla ya LF ya kwanza, bila huruma.

Mimi niliweka Thread.Sleep(100) kabla ya kusoma na tatizo limekwisha. Kwa nini mnazungusha watu na mabafa? (Nakuru)

Halijakwisha, limehamia kwa mteja wako. Umepima usingizi huo kwenye kompyuta yako, kwa mizani yako, kwa kasi uliyonayo leo. Mizani ikituma mfululizo, katika milisekunde 100 unapata mstari mmoja na kipande cha unaofuata. Kipande hicho unakifanya nini? Unakitupa. Mtu akipandisha kasi, au kompyuta ikianza kupakua masasisho saa nne asubuhi foleni ikiwa ndefu, hesabu yako yote inavunjika. Swali hili naletewa kila mara, kila mtu na namba yake: 50, 100, 200, yupo hata wa 500. Hakuna namba sahihi. Usilale, kusanya.

Nikitumia ReadLine programu inasubiri milele. (Tabora)

Kifaa chako kinafunga mstari kwa CR pekee, na ReadLine inangoja LF usipoiambia vingine. Weka NewLine kuwa "\r". Weka na ReadTimeout pia, maana yenyewe ikiachwa hungoja bila kikomo, na ReadLine iite kwenye thredi yake (mkondo wake wa kazi ndani ya programu), kamwe isiwe ile inayochora dirisha.

Napata alama za ajabu tu. (hakutaja mahali, wala kifaa, wala kasi)

Kasi au pariti (biti ya kukagua makosa) haifanani na ya kifaa. Soma kijitabu cha kifaa.

Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi. Kila nikifungua programu yangu, Arduino Uno inaanza upya na sekunde ya kwanza sipati kitu. (Dodoma)

Marahaba. Ndivyo ilivyoundwa: poti ikifunguliwa na laini ya DTR (waya ambao kompyuta huutumia kusema iko tayari) ikiamshwa, Uno inajiwasha upya ili iweze kupokea msimbo mpya. Ukitumia SerialPort ya .NET acha DtrEnable iwe false. Au ustaarabu zaidi: Arduino itume mstari wa "tayari" ikishaamka, na programu yako isianze chochote kabla ya kuuona. Umeuliza vizuri, umetaja kifaa na dalili. Wakubwa zako waige.

Programu yangu inaganda nikifunga dirisha, lakini si kila mara. (Mombasa)

Bila hata kuona msimbo wako: ndani ya DataReceived unatumia Invoke, na kwenye kufunga dirisha unaita Close. Close inasubiri tukio limalize. Tukio limeita Invoke, linasubiri dirisha lilihudumie. Dirisha limeshikwa na Close. Ni kama watu wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake "tangulia wewe". "Si kila mara" kwa sababu inategemea kama kuna baiti iliyofika wakati huohuo unapofunga. Mizani ikiwa kimya, unanusurika.

Badili Invoke iwe BeginInvoke, ambayo inaacha kazi kwenye foleni na kuondoka. Jitoe kwenye tukio kabla ya kufunga poti, na ndani ya Pokea kagua kwanza kama dirisha bado lipo. Na yule aliyekufundisha kuzima ukaguzi wa thredi kwa CheckForIllegalCrossThreadCalls = false, mwombe akurudishie ada.

Kwangu inafanya kazi. Kwa mteja Bujumbura inakataa kugeuza "12.50" kuwa namba. Mizani ni ileile. (Kigoma)

Kompyuta ya mteja imepangwa Kifaransa. Huko sehemu ya desimali hutenganishwa kwa mkato, si nukta. Mpe double.Parse kigezo CultureInfo.InvariantCulture. Na ushukuru ni Kifaransa. Kwa mpangilio wa Kijerumani isingekataa, ingesoma 1250 na kuendelea kimyakimya.

Nasoma mita ya umeme kwa Modbus RTU (kanuni ya mawasiliano ya vifaa vya viwandani). Baiti nyingi zinageuka 63. (Arusha)

63 ni alama ya kuuliza. Umesoma data ya baiti kama maandishi, na SerialPort usipoielekeza hutumia ASCII, ambayo haijui chochote kilicho juu ya 127. Achana na ReadExisting, tumia Read yenye safu ya baiti. Hakikisha pia Handshake si XOnXOff, la sivyo baiti 0x11 na 0x13 zitachukuliwa kuwa amri za kuendelea na kusimamisha badala ya data yako.

Halafu msije mkaanza kupima ukimya. Kanuni ya Modbus RTU inasema ujumbe unatenganishwa kwa ukimya wa muda wa herufi 3.5. Kwa kasi ya 9600 hiyo ni kama milisekunde 4, na nimeshasema juu adapta ya USB inaweza kushikilia baiti kwa milisekunde 16. Ukimya huo hauwezi kukufikia salama. Lakini jibu lenyewe linakutajia urefu wake: kwa amri ya 03 (kusoma rejista), baiti ya tatu ni idadi ya baiti za data, kwa hiyo ngoja hadi uwe na 3, jumlisha idadi hiyo, jumlisha 2 za CRC (namba ya kuhakiki kwamba ujumbe haukuharibika). Baiti ya pili ikiwa na biti ya juu kabisa imewashwa, hilo ni kosa na jibu zima ni baiti 5. Kagua CRC ndipo uamini.

Jana ilikuwa COM3, leo COM7. (Morogoro)

Umechomeka adapta kwenye tundu jingine. Usiandike namba ya COM ndani ya msimbo. Mpe mtumiaji orodha achague, kisha ihifadhi. Wa Linux tumieni /dev/serial/by-id badala ya ttyUSB0, na mjiingize kwenye kundi la dialout (lenye ruhusa ya kutumia poti) badala ya kuendesha kila kitu kwa root, mtumiaji mwenye mamlaka yote.

Kebo yangu ni mita mbili tu. Kuna haja gani ya kuhakiki kila mstari? (Mtwara)

Ipo, na kama ni mizani ya kupokelea korosho, nitasema zaidi ya ulichouliza. Nimeona msimbo unaofuta kila kisicho tarakimu wala nukta, kisha unageuza kilichobaki kuwa uzito. Kwa msimbo huo, ule mkia wa "2.50 kg" unakuwa kilo mbili na nusu, na mkulima amepoteza kilo 10 bila mtu yeyote kuona kosa kwenye skrini. Mstari ukianza na ST, mzigo umetulia. US, bado unacheza. OL, umezidi uwezo wa mizani. Herufi hizo mbili ndizo unazozifuta.

Mstari wa namna hii hauna cheksamu (namba ya kuuhakiki), kwa hiyo shika kila kinachoshikika: urefu uwe 15 kamili, uanze na "ST,", kipimo kiwe " kg". Ukikuta "?" katikati, kataa mstari mzima. SerialPort ya .NET, pariti ikiwashwa, huweka alama hiyo mahali pa baiti iliyoharibika, na watu huiondoa wakidhani ni uchafu wa kawaida.

Kibaya zaidi ni uzito uliokufa. Mtu anajikwaa, waya unachomoka, na skrini inaendelea kuonyesha 48.20 ya gunia lililopita. Karani anabonyeza Hifadhi. Weka saa ya mstari wa mwisho uliopokelewa. Zikipita sekunde mbili bila mstari mpya kutoka mizani inayotuma mfululizo, futa namba na uzime kitufe. Bosi akilalamika kwamba kitufe kinazimika zimika, mwonyeshe waya.

Bado natumia VB6 (Visual Basic 6) na MSComm, kijenzi chake cha poti ya siriali. OnComm haiitwi kabisa data ikifika. (Iringa)

RThreshold (idadi ya baiti zinazosubiriwa kabla ya kuita OnComm) iko 0, yaani imezimwa. Weka 1. Mengine yote niliyoyaandika hapo juu yanakuhusu na wewe.