Maswali ya Wasomaji: Turbo Kwenye Mazda MX-5

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nina Eunos Roadster (MX-5 ya soko la Japani) ya 1994, injini ya BP ya lita 1.8. Inakula oili, kwa hiyo naishusha nifanye ovahoo, na hapo hapo nifunge turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) ya Garrett GT2560R ili ifike nguvu farasi 250. Fundi wangu anasema pistoni na konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki) za kiwandani zinatosha, kwa sababu kompresheni (kiasi injini inavyobana hewa) ni 9.0 kwa 1. Ni kweli? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Salama, ndugu. Kuhusu kompresheni fundi wako yuko sahihi, 9.0 inafaa kabisa kwa turbo. Tatizo ni konrodi. Konrodi za BP huanza kupinda torki (nguvu ya kuzungusha) ikikaribia Nm 310 hadi 340. Farasi 250 kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika ni Nm 274 tu, na ndiyo maana wengi hudhani wako salama. Lakini GT2560R ni turbo ndogo, inaamka mapema. Ukiiachia presha ya bar 1 nzima kwenye mizunguko 3,500, torki inapanda juu ya hizo Nm 274 hadi eneo la hatari kwa konrodi, muda mrefu kabla hujaziona farasi 250. Isitoshe, mizunguko ikiwa midogo konrodi hubeba mgandamizo karibu wote peke yake. Ikiwa mikubwa, uzito wa pistoni inayopanda hupunguza sehemu ya mzigo huo. Kwa farasi 200 na presha inayopandishwa taratibu tungekuambia uziache. Kwa 250, na injini tayari iko chini, nunua konrodi za chuma cha kufua zenye bolti za ARP.

Pistoni nunua kabla bloku haijachongwa, umpelekee mchongaji mkononi. Silinda ya BP ni mm 83. Ukichonga hadi 84, kwa mwendo wa pistoni wa mm 85, unapata cc 1,884. Nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda inategemea aloi ya aluminiamu ya pistoni: ya 2618 hutanuka zaidi ya 4032, hivyo huhitaji nafasi kubwa zaidi, na asubuhi injini ikiwa baridi utaisikia ikigonga kidogo mpaka ipate moto. Fuata kipimo kilichokuja na pistoni, si mazoea ya gereji.

Ringi ndizo tunazoomba usizifanyie haraka. Ingiza ringi ya juu ndani ya silinda yake, isukume chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya kwa fila geji. Kwa silinda ya mm 84 tafuta mm 0.42, na ringi ya pili mm 0.46. Ukiwa mdogo, piga tupa ncha moja tu, ukisukuma kutoka nje kwenda ndani, kidogo kidogo, na upime tena. Mwanya ukibana, joto la turbo hukutanisha ncha, ringi inakwama ukutani na kung'oa kipande cha pistoni. Kila ringi ibaki na silinda yake.

Nafasi ya beringi: mm 0.05 kwenye krenki, 0.045 kwenye konrodi. Gia za pampu ya oili za kiwandani ni za unga wa chuma ulioshindiliwa. Zikigusishwa kikomo cha mizunguko mara kwa mara hupasuka, na injini inakosa oili ghafla. Weka za chuma kigumu kabla hujafunga. Nozeli za petroli chukua za cc 550 kwa dakika, kwani za asili ni karibu nusu yake, pampu ya petroli ya lita 255 kwa saa, na kompyuta ya injini inayosoma presha ya hewa badala ya mita ya hewa. Kwenye mzigo kamili mchanganyiko usizidi hewa 11.8 kwa petroli 1.

SWALI: Yangu ina turbo tayari. Plagi ya silinda ya nne imetoka na vidoa vya kung'aa, vidogo kama chembe za chumvi. Tatu nyingine ni safi. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Vidoa hivyo ni aluminiamu ya pistoni yako. Punguza presha leo, usisubiri mwisho wa wiki. Injini za familia hii zilianza kwenye magari ya kuvuta kwa mbele, zimelazwa kwa upana, na maji ya moto yalitokea upande wa pili wa injini, mbali na pampu. Kwenye MX-5 njia ya kutokea ililetwa mbele, upande ule ule wa pampu, hivyo maji mengi hurudi kwenye rejeta bila kufika nyuma. Silinda ya nne ndiyo inayochemka kwanza, na ndiyo inayoanza kugonga (mchanganyiko kulipuka vibaya ndani ya silinda). Hamishia thamostati nyuma ya silinda hedi, ziba tundu la mbele, na upitishe mpira hadi rejeta. Kisha pima nozeli ya nne, maana nozeli iliyoziba huacha dalili hizo hizo. Weka plagi za NGK namba 7, mwanya mm 0.7.

SWALI: Nati za turbo zinalegea kila baada ya wiki chache, na gari linatoa moshi wa bluu likisimama. Turbo imekufa? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Huenda bado ni nzima. Stadi za kawaida (bolti zisizo na kichwa) hurefuka kwa joto. Weka za Inconel, aloi inayostahimili joto, zenye vifungo vya kuzuia nati isizunguke. Kuhusu moshi, angalia kwanza bomba la kurudisha oili: liwe na tundu la mm 14 hivi, literemke bila kupinda juu popote, na liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Kwenye turbo yenye beringi za gololi kama GT2560R, bomba la kuleta oili libanwe hadi tundu la mm 1. Na kama gari lako ni la 1995 au baadaye, usiamini mshale wa presha ya oili kwenye dashibodi: unafanya kazi kama swichi tu, unakaa katikati hata presha ikiwa haba. Funga geji ya kweli.