Utokapo na Uingiapo

Mhariri,

Juma hili mmeuliza: "Ni Zaburi ipi hukufariji, na unamsifuje Mungu wakati moyo umepondeka?" Mimi ni soja wa usiku. Nalinda flati huko Lavington, nikitokea Kawangware kwa miguu, na jibu langu limo katika Zaburi tatu: ya 121, ya 127 na ya 130.

Lindo langu huanza saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo usiku wetu haurefuki wala haufupiki sana. Uwe Januari au Julai, giza ni lile lile. Kinachobadilika ni baridi. Julai geti la chuma huuma vidole, na chai niliyobeba kwenye chupa huwa imepoa kabla ya saa nane.

Ilikuwa Julai ya mwaka juzi. Mpangaji mmoja mjamzito alishikwa na uchungu saa tisa usiku, nikatoka hadi barabarani kumtafutia teksi, nikamshika mkono mpaka akaketi. Niliporudi kibandani sikujua kuwa mtu alikuwa amepanda ukuta wa nyuma. Asubuhi televisheni na kompyuta za nyumba ya chini hazikuwapo. Wa kwanza kushukiwa nikawa mimi. Nililala seli usiku mmoja, nikaulizwa nimemfungulia nani geti, na kampuni ikanikata mshahara. Aliyeiba hajapatikana mpaka leo. Zaburi ya 35 ina mstari unaosema, "Wananiuliza mambo nisiyoyajua." Usiku ule sikuwa na sala nyingine. Niliurudia huo tu, nimeegemea ukuta, mpaka sauti ikakauka.

Nilipoachiliwa nilifungua Biblia yangu ndogo nikitafuta faraja, nikaangukia Zaburi ya 127: "BWANA asipoulinda mji, yeye aulindaye akesha bure." Nawaambia kweli, nililia kwa uchungu. Niliona kana kwamba hata Maandiko yamejiunga na walionishtaki. Nimekesha miaka, miguu imevimba, kumbe bure?

Ilinichukua majuma kadhaa kuusoma mstari huo vizuri. Zaburi haimwambii mlinzi ashuke ukutani aende zake. Mji bado una mlinzi, na mlinzi bado yuko macho. Kinachoondolewa ni ule mzigo wa kudhani kwamba kila kitu kinaning'inia kwenye jicho lake. Jicho langu ni moja na ploti ina pande nne. Nikiwa barabarani nimemshika mama mjamzito mkono, upande wa nyuma ni wa Mungu, na hata lililotokea kule liko mbele zake. Mstari unaofuata ndio ulionimaliza kabisa: "Yeye humpa mpenzi wake usingizi." Tangu kisa kile nilikuwa silali mchana, nikifumba macho naona ukuta. Siku niliyouelewa mstari huo nililala kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa, mke wangu akaja kuniangalia kama napumua.

Zaburi hizi tatu ni za kundi moja, zile nyimbo kumi na tano za kupanda, kuanzia 120 hadi 134, zinazoaminika kuwa mahujaji waliziimba wakipanda kwenda Yerusalemu. Hao walikuwa watu wa njiani, wanaolala nje na kuhofia usiku. Ndiyo maana ulinzi umejaa humo. Chukua ya 121: ina mistari minane tu, na kulinda kumetajwa mara sita. Nimehesabu kwa kidole. Humo Mungu mwenyewe ameitwa kwa jina la kazi yangu. "BWANA ndiye mlinzi wako." Tena hasinzii. Mimi husinzia, saa kumi kasoro kichwa huwa kizito kama jiwe la kusagia. Watu wengi hupita getini bila kuniangalia usoni, lakini mtunga Zaburi alipotafuta neno la kumweleza Mungu anayekaa karibu na mtu usiku kucha, alichagua mlinzi. Sijui kama mtu mwenye kazi ya heshima kubwa anaweza kuonja utamu wa jambo hilo kama mimi.

Kuhusu sifa, nilijifunza kitu kwa mwenzangu wa geti la pili, ambaye ni Mwislamu. Yeye huiheshimu Zaburi kuwa kitabu alichopewa Nabii Daudi, na usiku mmoja aliniuliza kwa nini mimi husoma za kulia tu. Nilikuja kujua kwamba Wayahudi hukiita kitabu kizima Tehilimu, yaani sifa. Kizima! Hata ile ya 88, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani, imo ndani ya sifa. Basi kilio changu cha seli nacho kilihesabiwa. Siwezi kupiga vigelegele saa tisa usiku watu wamelala, kwa hiyo husifu kwa kunong'ona nikizunguka na tochi, nikianza na ya 134, inayowaita wanaosimama usiku nyumbani mwa BWANA wamhimidi.

Halafu ya 130. "Nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, naam, walinzi waingojavyo asubuhi." Ambaye hajawahi kukesha angeandika mara moja. Aliyekesha anajua husemwa mara mbili. Mlinzi hangoji kwa kubahatisha. Hajiulizi kama kutakucha. Anazijua dalili. Kwangu ya kwanza ni adhana kutoka upande wa Kawangware, kisha ndege wa kwenye mti wa jirani, kisha moshi wa jiko la mama wa mandazi kule kona, kisha honi ya matatu ya kwanza. Mbingu bado ni nyeusi, lakini mimi tayari nakunja koti.

Wa kwanza kutoka siku hizi ni yule yule mama wa usiku wa teksi, na mtoto wake mgongoni. Nafungua kitabu, naandika nambari ya nyumba na saa aliyotoka, na ninapoandika huwa namsemea kimoyomoyo mstari wa mwisho wa Zaburi ya 121: "BWANA atakulinda utokapo na uingiapo." Mtoto amezoea kunipungia mkono. Nafungua geti.